Siku Nne Msituni Rubondo

Bwana zetu walituuliza swali moja, kila mmoja kwa namna yake: "Mnakwenda kulala porini, mnatafuta nini huko?" Mmoja aliuliza akicheka, mwingine akinuna. Mmoja hakuuliza kabisa, ila alikwenda dukani akanunua tochi mpya akaiweka juu ya kabati bila kusema neno. Tulikuwa akina mama tisa wa kanisa moja hapa Mwanza, wengi wetu tumeshavuka miaka arobaini. Wawili tu wauguzi, watatu ni walimu, wengine wana biashara zao sokoni, na mama mchungaji ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari. Kukesha pamoja misibani tumezoea, na kukesha jikoni kwenye harusi tumezoea. Kulala pamoja kwa ajili ya kupumzika tu, hilo hatukuwahi kulifanya hata siku moja.

Jibu la kweli hatukulisema nyumbani kwa sababu halikuwa letu kulitangaza. Miongoni mwetu yuko mwenzetu mmoja ambaye tangu mwaka 1996 hakuwahi kukanyaga chombo cha majini. Mama yake alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei mwaka huo ikitoka Bukoba, ikachukua mamia ya watu. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amesimama bandarini na shangazi yake, wamekwenda kumpokea mama na mkungu wa ndizi aliokuwa ameahidi. Kwa miaka yote hiyo tulijua kwamba haogi ziwani, hali chakula pale penye upepo wa ziwa, na akitaka kwenda Geita huzunguka kwa Shinyanga na Kahama ili asipande kivuko cha Busisi. Hatukumwuliza sana. Mwanza kuna watu wengi wa namna hiyo.

Lakini mwaka jana binti yake aliolewa Ukerewe, na mapema mwaka huu akajifungua mtoto wa kiume. Kwenda Ukerewe ni ama upande meli hadi Nansio, ama uzunguke kwa Bunda hadi Kisorya uvuke kwa kivuko kwenda Rugezi. Njia zote mbili zina maji. Uzazi wa kwanza wa binti, na bibi hakwenda! Alituma nguo, akatuma unga wa uji, akatuma fedha. Mtoto akatimiza miezi mitano bila bibi yake kumshika. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya alituambia mwenyewe, "Jamani, nitafutieni maji madogo nianze nayo." Ndipo tulipolitaja jina la Rubondo.

Ni kweli kwamba hapa mjini tuna Saanane, kisiwa cha mawe na pimbi kilichokuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964 na kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Boti yake ni ya dakika chache tu. Yeye mwenyewe alikikataa. Alisema kutoka Saanane anaiona bandari, na hataki kuiona bandari akiwa majini.

Tuliondoka Alhamisi ya mwezi wa nane, saa kumi na moja alfajiri, kwa basi dogo la kukodi. Masufuria yalikuwa juu na sisi chini tumebanana na mahema tuliyoazima kwa vijana wa skauti. Kutoka Usagara tukashuka Kigongo, na pale pakatupata jambo la kwanza. Daraja jipya la Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025 kuvuka Ghuba ya Mwanza mpaka Busisi. Sisi wauguzi tunakikumbuka kivuko kwa sababu zetu. Tumesindikiza wagonjwa pale, mama mwenye uchungu amelala kwenye gari la wagonjwa, na sisi tunahesabu dakika tukingoja kivuko kirudi kutoka ng'ambo. Siku ile gari halikusimama hata kidogo. Mwenzetu alikaa dirishani, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akatazama maji chini pande zote mbili mpaka tukafika nchi kavu. "Kumbe ni pana hivi," akasema. Hatukujibu.

Sengerema, Geita yenye dhahabu, Katoro yenye vumbi na kelele za biashara, halafu Chato, halafu Muganza. Mkitaka ushauri wetu, kuleni Geita, maana mbele mtachelewa. Mchana tukafika Kasenda, bandari ndogo iliyo karibu na Muganza, ambapo boti ya hifadhi huchukua wageni. Kisiwa unakiona kwa macho kutoka pale, kijani kibichi kimelala juu ya maji. Ni safari ya kama nusu saa tu.

Nusu saa hiyo ilitugharimu saa nzima. Tulivaa maboya ya kifuani, na sisi wauguzi tulikagua kila kamba na kila kifungo kama tunavyokagua sindano, huku nahodha akitutazama kwa subira. Wanane tukapanda. Yeye akabaki kwenye mchanga, boya limefungwa sawasawa, viatu mkononi. Mama mchungaji akashuka tena, akasimama pembeni yake, hakumshika wala hakumhimiza. Aliomba kwa sauti ya chini, maneno machache, kisha akakaa chini kwenye mchanga kama mtu asiye na haraka. Nahodha, kijana wa umri wa watoto wetu, akazima injini. Akasema, "Mama, ziwa leo limelala. Likiamka nitakuambia mimi wa kwanza." Hatujui kama ni neno lile, au ni kuona aibu ya kutuweka juani, lakini alipanda. Alikaa katikati ya boti, akafunika uso kwa kitenge, na hatukumwona macho mpaka boti ilipogusa upande wa pili. Kitenge kilikuwa kimelowa, na si kwa maji ya ziwa.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 456, na zaidi kidogo ya nusu ndiyo nchi kavu, iliyobaki ni maji pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka kile kikubwa. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mnene. Zamani waliishi watu pale, wavuvi na wakulima, nao walihamishwa katika miaka ya 1960 serikali ilipokifanya pori la akiba. Tunalitaja hili kwa sababu mgeni huambiwa habari za wanyama tu, na sisi tulipotembea msituni tukakumbuka kwamba palikuwa na mama aliyewahi kupika pale, akamwita mtoto wake jioni.

Makao ya hifadhi yako Kageye, na karibu yake ndipo tulipopiga mahema, chini ya miti mikubwa, hatua chache kutoka ufukweni. Msitegemee mengi. Kuna kivuli, kuna choo, kuna mahali pa kuwashia moto, kuna mhifadhi wa kuwalinda, na yaliyobaki mnakuja nayo. Sisi tulibeba unga, maharage, mchele, dagaa, vitunguu, mafuta, chumvi, mkaa gunia dogo na majiko mawili. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje, na hapo ndipo tulipojiuliza kwa nini tulikutana na wageni kutoka Ulaya, na Watanzania wengine hatukuwakuta.

Kusimamisha hema ni kazi ya kuchekesha mkiwa akina mama tisa na kila mmoja amezoea kuamuru nyumbani kwake. La kwanza lilianguka mara mbili. Wakati tunabishana juu ya vigingi, tumbili alishuka mtini, akaingia kwenye kapu, akatoka na mkate mzima. Mama mchungaji akamfukuza na mwiko mpaka kwenye shina la mkuyu, akisema maneno ambayo hatutayaandika hapa. Tumbili alikaa tawini akala mkate wote akitutazama. Tangu saa ile chakula kikafungiwa ndani ya ndoo zenye vifuniko, na juu yake jiwe.

Jioni ile ndipo sisi wauguzi tulipogeuka kuwa maadui. Ufuko wa pale ni mzuri, maji yanang'aa, na wenzetu walikuwa wamejaa vumbi la Katoro. Mmoja alikwisha kunja gauni mpaka magotini. Mhifadhi alikataza kwa sababu ya mamba na viboko, na alikuwa na haki. Sisi tulikataza kwa sababu ya kichocho, ambacho hakina meno wala hakipigi kelele, na wenzetu wengi tuliozaliwa kandokando ya ziwa tumekua nacho bila kukijua.

Mtuvumilie kidogo hapa. Vimelea vya kichocho hukulia ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, penye majani. Wakitoka kwa konokono huogelea na kupenya ngozi ya mtu, si lazima unywe maji wala uwe na kidonda. Huku ziwani tunacho zaidi kichocho cha tumbo. Mtoto anaumwa tumbo mara kwa mara, anaharisha, pengine choo kina damu, darasani anasinzia, na baada ya miaka mingi ini na bandama vinaharibika na tumbo linajaa. Kule mbali na ziwa, kwenye malambo na mashamba ya mpunga, ndiko kwenye kichocho cha mkojo, na hicho kwa mwanamke kinaweza kuleta vidonda sehemu za siri na damu isiyo ya mwezi. Wanawake wamefedheheshwa na waume zao na hata zahanati kwa ugonjwa ambao si wa zinaa kabisa. Dawa ipo, prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito au kimo cha mgonjwa. Huua minyoo iliyokwisha komaa, lakini haimkingi mtu asipate mingine akirudi kwenye maji yale yale.

"Sasa tusioge?" akauliza yule wa gauni. Tuoge, ila kwa maji ya moto, au yaliyochotwa yakakaa kwenye ndoo siku mbili nzima, kwa maana vimelea wale wakikosa mtu wa kumwingia hufa katika muda huo. Maji ya kunywa tulichemsha yote. Basi siku nne zile tulioga kwa kopo nyuma ya kanga zilizofungwa kwenye miti, ziwa kubwa kuliko yote Afrika likiwa mbele yetu. Walitulaumu, lakini walioga.

Usiku wa Rubondo si kimya. Vyura huanza, halafu wadudu, halafu kukawa na sauti nzito kama ya mzee anayecheka gizani, karibu kabisa. Ni kiboko, ametoka majini kula majani. Masharti ya mhifadhi yalikuwa mafupi: akishaanza kutembea mwenye nyumba, mgeni hatoki hemani peke yake. Anayetaka choo amulike kwanza pande zote, amwite mlinzi, asimame mpaka afike. Hivyo tukawa tunakwenda kwa zamu kama watoto wa bweni, watatu watatu, na tochi ile mpya ya yule bwana asiyeuliza ndiyo iliyotufaa kuliko zote. Vyandarua tulivifunga ndani ya mahema ingawa mahema yana neti zake. Mbu wa ziwani hahitaji zaidi ya tundu moja.

Siku ya pili tulikwenda msituni kuwatafuta sokwe. Habari yao ndiyo iliyotukaa moyoni kuliko yote ya kisiwani. Hawakuwapo tangu asili. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt waliwaleta sokwe wapatao 16 kutoka Ulaya, waliokuwa wamewekwa vizimbani kwenye bustani za wanyama. Walifunguliwa Rubondo, wakaachwa. Hakukuwa na sokwe mwenyeji wa kuwaonyesha lipi ni tunda na lipi ni sumu, wala namna ya kutandika kitanda mtini. Walijifunza, wakazaa, na wanaoishi leo ni watoto na wajukuu zao, nao ni wa porini hasa. Sokwe jike humnyonyesha mtoto wake miaka minne hata mitano, na muda wote huo hutembea naye mgongoni au tumboni.

Kabla ya kuondoka mwongozaji aliuliza nani ana mafua au kikohozi. Mwalimu mmoja alikuwa anapenga kamasi tangu Sengerema. Akaachwa kambini! Alinuna, lakini sisi wauguzi tulimpa kijana yule alama zote. Sokwe anafanana na binadamu kiasi kwamba kikohozi chetu ni kikohozi chake, na mafua ya kawaida kwetu yanaweza kumwua. Waliobaki tulipewa barakoa na kuonywa tusisogee karibu hata tukiwakuta.

Tulitembea saa nne. Njia zina mizizi, minazi ya porini inayochoma, na nzi wanaouma hata juu ya nguo, vaeni mikono mirefu na rangi zisizo nyeusi wala bluu. Tuliona viota vya usiku uliopita juu kabisa mtini, matawi yamekunjwa vizuri. Tulisikia kelele zao, zinaanza chini chini halafu zinapanda mpaka msitu wote unaitika. Na mwisho tuliona, kwa muda wa kama dakika mbili, mgongo mweusi wa mama akipita kutoka mti mmoja kwenda mwingine, na mkono mdogo umeshika manyoya ya ubavu. Ni hayo tu. Walioenda mbali wakitegemea kuona kundi zima kama kwenye televisheni wangesema wamepoteza fedha. Sisi tulirudi tukiwa kimya.

Katika bwawa dogo lililozungukwa na mafunjo, wakati wa kurudi, tulimwona nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu za kumwezesha kukanyaga tope bila kuzama. Alisimama ndani ya maji mpaka kifuani, akitafuna. Mwenzetu alimtazama muda mrefu kuliko alivyowatazama sokwe. "Huyu akiogopa hukimbilia wapi?" aliuliza. Mwongozaji akamwambia, "Ndani ya maji, mama. Huzama akabakiza pua tu."

Usiku huo kwenye moto alizungumza. Hatutayasimulia yote. Alieleza jinsi siku zile uwanja wa Nyamagana ulivyojaa majeneza, jinsi shangazi alivyomziba macho, na jinsi ambavyo mama yake hakupata kutambuliwa, hivyo kila tarehe 21 Mei yeye huenda makaburi ya Igoma wanakolala wale wa pamoja na kuchagua mahali popote pa kuweka ua. Alisema pia kwamba mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, alilala kitandani siku tatu, na watoto wake walidhani ana malaria. Sisi wauguzi tulitazamana. Yeye alikuja zahanati siku zile, tulimpima malaria, haikuonekana, tukampa dawa za maumivu akaenda zake. Hatukumwuliza kitu kingine. Hilo tulirudi nalo nyumbani.

Siku ya tatu hatukufanya lolote la maana, nayo ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Tulifua kidogo, tulisuka nywele, tulilala mchana. Mmoja wetu alisema hajalala mchana bila kuumwa tangu ajifungue mtoto wa kwanza, na huyo yuko chuo kikuu. Furukombe alilia juu ya mti mkavu, akashuka, akanyanyua samaki. Saa kumi tuliona kwa mbali moshi mweusi umesimama juu ya ziwa kama kijiji kinaungua. Si moshi, ni vidudu vya ziwani kwa mamilioni, hutoka majini siku moja na kupanda kama wingu. Watu wa visiwani huwajua. Wageni hushtuka.

Jumapili tulipangiwa boti ya saa nne asubuhi. Tuliamka na kukuta upepo. Miti ilikuwa inainama, na nje ya ghuba mawimbi yalikuwa na vichwa vyeupe. Nahodha yule yule alikuja akasema akiangalia saa kwamba ataweza, ni nusu saa tu, ameshavuka katika hali mbaya zaidi. Na wengi wetu tulikuwa tayari, kwa maana Jumatatu ni kazini, na basi la kukodi lilikuwa linatungoja Kasenda na linahesabu fedha.

Yeye ndiye aliyesema hapana. Alisema bila kupaza sauti. "Mwanangu, uliniahidi likiamka utaniambia. Limeamka. Mimi nitapanda, ila sipandi sasa." Akaweka mzigo wake chini, akakalia. Kijana aliangalia ziwa, akamwangalia, akavua kofia. Wengine tuliona aibu kidogo, maana wanane tuliokuwa tunajiita mashujaa ndio tulikuwa tayari kuondoka na watu wanaotusubiri nyumbani. Tukapika uji. Tukaimba nyimbo za ibada tuliyoikosa. Upepo ulianza kuchoka alasiri, na saa kumi kasoro mawimbi yakawa mafupi, nahodha akaja akasema, "Mama, sasa."

Safari hii kitenge kilibaki begani. Maji yaliruka mara mbili tatu yakatulowesha, akafumba macho, akafumbua. Mkono wake ulikuwa umemshika mama mchungaji kiasi cha kuacha alama za vidole. Tulipogusa mchanga wa Kasenda alishuka bila kusaidiwa, akasimama maji yakimfika vifundoni. Tulitaka kumwambia atoke kwa sababu ya konokono, kisha tukanyamaza.

Dereva alikuwa amekasirika na tukamlipa nyongeza. Tulipokuwa tunapakia masufuria, yeye alikuwa ameshatoa simu na amempata binti yake. Tulimsikia akiuliza meli ya Nansio huondoka Mwanza saa ngapi, na kama asubuhi ziwa la huko hutulia. Kisha akauliza kama mtoto ameota meno.